Kontakti za domeini: maswali tunayoulizwa sana Lamu na Malindi

Ukurasa huu ni wa vijana wanaotumia skripti zetu (programu ndogo ndogo) za kutunza kontakti za domeini, yaani yale majina ya tovuti kama example.com, na wale wanaotusaidia kuandika mwongozo wake. Maswali mengine yanakuja WhatsApp usiku, mengine naulizwa nikipita Mkunguni nikitoka sala ya alasiri, na mengi ni yaleyale, basi nimeyakusanya hapa mtu asome kwanza alafu ndo aulize. Likija jipya nitaongeza.

Kontakti ni kitu gani hasa, si jina na simu tu?

Ni jina na simu, lakini uzito uko pale lilipoandikwa. Ukisajili domeini, rejista ya nchi ile, yaani lile daftari kuu, inaweka vitu viwili mbali mbali. Kuna domeini yenyewe, na kuna kontakti, ambayo ni rekodi ya mtu au kampuni na ina kitambulisho chake, herufi 3 hadi 16. Domeini haibebi jina lako, inabeba kile kitambulisho tu. Kwa hivo kontakti moja inaweza kushikwa na domeini hamsini, na domeini moja inaweza kushika kontakti nne tofauti: mwenye, msimamizi, fundi na mlipaji. Kwenye kodi (maandishi ya programu, si kodi ya serikali) utaziona kama registrant, admin, tech na billing.

Lugha ambayo wasajili wengi, yaani kampuni zinazokusajilia domeini, wanaongea na rejista inaitwa EPP, iliandikwa upya 2009 kwenye zile hati za kiufundi za intaneti, RFC 5730 na wenzake, na ile ya kontakti peke yake ni RFC 5733. Ukiwa na siku moja tu ya kusoma, soma hiyo ya 5733. Si ndefu, na nusu ya maswali ya ukurasa huu yanaishia humo.

Mbona mnakazana hivo na sehemu ya mwenye? Mimi naweka taarifa zangu zote nne, mteja hana habari na mambo haya.

Hapa ndo nataka unisikilize vizuri ndugu yangu, manake ukurasa mzima nimeuandika kwa ajili ya hili jibu.

Kuna mama mmoja Shela ana nyumba ya wageni, vyumba sita, paa lake linaangalia bahari. Kijana aliyemtengenezea tovuti alijaza fomu usiku mmoja, na kila palipoulizwa jina akaweka lake, palipoulizwa emeli akaweka yake, si kwa ubaya, aliona ni rahisi. Miaka minne mambo yakawa sawa. Yule kijana akaenda Ghuba kufanya kazi, laini yake ya huku ikafa, emeli ile hakuifungua tena, na tangazo la kulipia upya likawa linaingia kwenye sanduku ambalo hakuna mtu. Domeini ikaisha. Mama alijua siku wageni walipoanza kumpigia kuuliza mbona emeli zinarudi. Tulipokwenda kwa msajili kuomba irudishwe tukaulizwa swali moja tu, mwenye ni nani, na kwenye rekodi mwenye hakuwa yeye. Alikuwa na risiti, alikuwa na kadi za biashara zenye jina lile, alikuwa na kibao mlangoni kimechongwa kwa mbao na jina lile, na hakuna hata kimoja kilichosaidia mpaka tulipompata yule kijana kwa njia ya mjomba wake na akakubali kuandika.

Kwa hivo kwenye skripti zetu na kwenye mwongozo, mwenye ni mwenye. Fundi weka jina lako kwa tech, hapo ndo mahali pako na ni pa heshima. Msimamizi awe mtu wa ile biashara anayefungua emeli zake. Na emeli ya mwenye isiwe ya domeini hiyohiyo, hili watu wanalisahau sana: domeini ikizimika na emeli yake inazimika, na ndo njia pekee ya kukwambia imezimika.

Kwa nini kila nchi ina masharti yake? Si wangefanya fomu moja tu?

Domeini zenye herufi mbili mwishoni, .ke, .tz, .it, ni za nchi, na herufi zenyewe zinatoka kwenye orodha ya ISO 3166, ile ya kimataifa ya vifupisho vya nchi. Tangu ile RFC 1591 ya 1994, ya Jon Postel, mmoja wa waasisi wa intaneti, msingi umekuwa kwamba anayeendesha jina la nchi ni mdhamini wa jamii ya pale, na wa hapo ndo wanaopanga nani anaruhusiwa. ICANN, shirika la kimataifa linaloratibu majina ya intaneti, inabana zile za jumla kama .com kwa mikataba, lakini haiwezi kuiambia Kenya au Italia iulize nini kwenye fomu yake. EPP nayo ikaacha nafasi ya viendelezi, yaani sehemu za ziada za kujaza, kila nchi ikaongeza vyake. Mwingine anataka namba ya mlipa ushuru, mwingine uraia, mwingine aina ya kampuni.

Ndo maana mwongozo wetu una ukurasa mmoja kwa kila nchi, na ndo maana hatukubali mtu anakili ukurasa wa nchi moja abadilishe bendera.

Na hii .ke yetu?

Rejista ni KENIC, na mdhibiti ni Mamlaka ya Mawasiliano. Wewe hujisajili moja kwa moja, unapitia msajili aliyeidhinishwa. Chini yake kuna .co.ke ya biashara, .or.ke ya mashirika yasiyo ya faida, .me.ke ya mtu binafsi, .ac.ke ya vyuo, .sc.ke ya shule, .go.ke ya serikali, na tangu 2017 unaweza kuchukua jina fupi moja kwa moja chini ya .ke. Hizi za vyuo, shule na serikali zina masharti, andaa barua na karatasi za kuthibitisha mapema. Kama unamshughulikia maalim wa shule, mwambie kabla hujachukua pesa yake, usije ukamkalisha wiki mbili anasubiri.

Nyumba za Lamu hazina namba wala jina la barabara. Niandike nini kwa street?

Swali zuri na ni letu sisi hasa. Fomu hizi zimetungwa na watu ambao nyumba zao zina namba. Hapa unamwambia mgeni pita msikitini, shika kichochoro cha kushoto, ukiona mlango wa kuchonga wenye baraza mbili umefika, na anafika. Rejista haiwezi kuandika hivo.

Sasa angalia sheria yenyewe badala ya fomu ya msajili. Kwenye EPP street si lazima, na ukitaka unaweza kuweka mistari hadi mitatu. Lazima ni jina, mji, nchi na emeli. Wasajili wengi wanailazimisha street kwenye fomu zao, basi sisi tumekubaliana hivi, mstari wa kwanza sanduku la posta, wa pili mtaa na alama ambayo kila mtu anaijua (sp ni kaunti, pc ni msimbo wa posta, cc ni nchi):

jina: Fulani bin Fulani wa Fulani
street: S.L.P. 000
street: Mtaa wa Langoni, karibu na ngome
city: Lamu
sp: Lamu
pc: 80500
cc: KE

Malindi ni hivohivo, ila pc ni 80200 na sp ni Kilifi, manake Malindi iko kaunti ya Kilifi na nimeona watu wanaandika Malindi mara mbili. Mtu wa Matondoni au Kipungani asiandike Lamu mjini kwa street ati ndo panajulikana, aandike kwake, city ndo iwe Lamu. Na tafadhali msiweke "N/A" wala nukta tupu. Mashine itapokea, lakini siku ya ubishi ile rekodi ndo shahidi wako, na shahidi huyo atakuwa hana la kusema.

Namba ya simu inakataliwa kila nikijaribu, naandika 07 kama kawaida.

Toa sifuri ya mbele, weka alama ya kujumlisha, 254, nukta moja, alafu namba iliyobaki. Yaani 0700 000 000 inakuwa +254.700000000. Hakuna nafasi katikati, hakuna vistari, hakuna mabano. Ile nukta ndo inayowashinda wengi, manake kwenye simu huwezi kuiona popote, lakini EPP inaitaka ili ijue wapi namba ya nchi inaishia.

Skripti yetu inabadilisha yenyewe, lakini toleo la zamani lilikuwa linakataa kila namba isiyoanza na 7. Siku hizi kuna laini za 01, kuna mtu wa Mokowe alizuiwa siku nzima kwa ajili hiyo. Tumerekebisha. Kama unaandika kikaguzi chako usikaze kuliko rejista inavyokaza.

Jina lina ng' na linarudi na kosa. Kiswahili hakikubaliki?

Kinakubalika. Tatizo ni simu yako. Ukiandika ng' kwenye simu nyingi kile kikato kinajigeuza kuwa kile kilichopinda, na kilichopinda si ASCII, yaani si kwenye zile herufi na alama za kawaida za Kiingereza. Kontakti ina anwani za aina mbili, int na loc. Int inataka ASCII tupu, kikato kilichonyooka kinapita, kilichopinda hakipiti na mara nyingi unapata kosa 2005. Kwa macho havitofautiani, nimewahi kukaa saa nzima naangalia jina la mzee mmoja halina kosa lolote, mpaka nilipolifungua kwa baiti moja moja. Sasa skripti inavinyoosha kabla ya kutuma na inakwambia imefanya hivo.

Loc inapokea UTF-8, mfumo wa herufi za lugha zote, yaani hata jina kwa herufi za Kiarabu vile wazee wetu walivyokuwa wakiandika Kiswahili hapa. Nalipenda sana jambo hili. Lakini si kila rejista inakubali loc, na nyingine zinaikubali iwapo int ipo pia, kwa hivo angalia ukurasa wa nchi husika kabla hujamwahidi mtu.

Na alama ya & kwenye jina la duka: kama unatunga XML (muundo wa maandishi ambao EPP inautumia) kwa mkono lazima iandikwe & la sivyo ujumbe mzima unakataliwa. Bora usitunge XML kwa mkono.

Msajili anataka jina la kwanza na jina la ukoo, mteja wangu ana majina matatu.

EPP yenyewe ina sehemu moja tu ya jina. Kugawanya ni mambo ya fomu za wasajili. Fuata kitambulisho cha taifa, jina la mtu mwenyewe liende kwa la kwanza, la baba na la babu yaende pamoja kwa la ukoo, kwa mpangilio uleule. Muhimu ni kila domeini ya mtu huyo iwe hivohivo. Usimwandike leo kwa jina la babu na kesho kwa lakabu anayojulikana nayo mtaani, hata kama kila mtu Amu anamjua kwa hiyo lakabu.

Kwa nchi niandike nini? Nimeweka SW na imekataa.

SW ni lugha, Kiswahili, tena kwa herufi ndogo sw kwenye orodha ya lugha. Nchi ni KE. Herufi mbili tu, si KEN wala jina zima. Wa Zanzibar ni TZ. Na la Uingereza linawakosesha hata wazoefu: domeini ni .uk lakini nchi kwenye kontakti ni GB. Ukimjaza Mwingereza mwenye nyumba Shela kwa UK utarudishiwa kosa, na ujumbe wa kosa hautakwambia kwa nini.

Mteja wangu Malindi ni Mtaliano, ana mkahawa, anataka .it. Inawezekana?

Inawezekana, na kwa Malindi hili swali haliishi. Waitaliano wamekaa pale miaka mingi na wengi wanataka jina la kwao ili wageni wa kwao wawapate.

Jambo la kwanza ni nani anaandikwa mwenye. Rejista ya .it inataka mwenye awe na uraia, makazi au ofisi kwenye nchi za Eneo la Uchumi la Ulaya, au Vatican, San Marino, Uswisi na Uingereza. Kampuni iliyosajiliwa Kenya haina sifa hiyo hata kama mwenye hisa ni Mtaliano. Yeye binafsi anayo, kwa uraia wake, hata kama analala Malindi mwaka mzima.

Jambo la pili ni viendelezi vitatu. Kuna entityType, namba ya aina ya mwenye kutoka 1 hadi 7, na mtu binafsi ni 1. Kuna nationalityCode, uraia, hapa IT. Kuna regCode, na kwa Mtaliano hiyo ni codice fiscale yake, namba yake ya mlipa ushuru ya Italia, ile ya herufi na tarakimu 16. Kwa hivo cc itakuwa KE kwa sababu anaishi Malindi na nationalityCode itakuwa IT. Vijana wengi wanaona hizo mbili hazifanani wanadhani wamekosea, wanabadilisha cc iwe IT na kumtungia anwani ya Roma. Usifanye hivo, ni uongo kwenye daftari na hauna faida.

La tatu, mwenye akiwa mtu binafsi, msimamizi lazima awe yeye mwenyewe. Usijiweke wewe wala meneja wake. Na kama unaandika chombo chako mwenyewe, EPP ya .it inapita kwenye HTTPS, si kwenye ule mlango (port) wa 700 uliozoeleka, basi maktaba yako, ile kodi iliyo tayari ya kuongea EPP, uikague mapema.

Ile codice fiscale ina herufi ya mwisho ya kuhakiki. Skripti inaipiga hesabu kabla ya kutuma. Ikikwambia si sahihi, mpigie mteja, nakuhakikishia amesoma O badala ya sifuri.

Na .eu?

Tangu Oktoba 2019 raia wa nchi ya Umoja wa Ulaya anaweza kuwa na .eu hata akiishi nje, kwa hivo Mtaliano wa Malindi yumo, ila lazima ujaze countryOfCitizenship, nchi ya uraia. Mwingereza asiye na uraia mwingine wala makazi ndani ya Umoja alitoka tangu 2021. Kama una mteja wa zamani wa namna hiyo kagua rekodi zake.

Nina mteja Tanga anataka .co.tz, skripti inasema hakuna sehemu ya tech. Imeharibika?

Haijaharibika. Tanzania wanatumia FRED, programu huria ya rejista iliyotengenezwa na CZ.NIC ya Ucheki, na FRED imepanga mambo kivingine. Domeini ina mwenye na wasimamizi, lakini fundi hashikwi na domeini, anashikwa na nsset, yaani fungu la seva za majina. Unatengeneza kontakti ya fundi, unaiweka kwenye nsset, alafu domeini inaishika ile nsset. Ukishaelewa utaona ina akili sana, ukihama seva domeini ishirini zinahama kwa amri moja.

Nimebadilisha emeli ya mteja mmoja na zimebadilika za wateja wengine wote. Nifanye nini?

Usiguse tena kwanza. Hili lilinipata mimi mwenyewe, nilibadilisha simu ya nahodha mmoja anayepeleka wageni Manda na Takwa, na kumbe ile kontakti ilikuwa imeshikwa na domeini kumi na moja za watu wengine, kwa sababu mwanzoni nilikuwa natumia kitambulisho kimoja kwa kila mtu wa Lamu, nikiona napunguza kazi. Jioni ile kumi na moja zote zilikuwa na simu ya nahodha. Sikulala vizuri.

Dawa: rudisha zile za zamani kutoka kwenye nakala (skripti inaweka nakala kila kabla ya kubadilisha, ndo sababu iliwekwa), alafu kaa chini utengeneze kontakti mpya kwa kila mteja na uzibadilishe domeini moja moja. Kitambulisho cha kontakti hakibadilishwi kwenye EPP, unaunda mpya na kuhamisha. Siku hizi ukiomba kubadilisha kontakti ambayo imeshikwa na zaidi ya domeini moja skripti inakuorodheshea zote na inasubiri uandike ndiyo kwa mkono. Rejista hailazimiki kukupa hiyo orodha, inakwambia tu kwamba kontakti iko linked, yaani imeshikwa, kwa hivo tunaitoa kwenye hifadhi yetu wenyewe, na ndo maana tunasisitiza kila badiliko lipitie skripti na si kwenye tovuti ya msajili.

Nataka kufuta kontakti, inakataa na 2305.

Bado kuna domeini inaishika. Iachilie kwanza. Hizi namba za makosa zina maana ileile karibu kila rejista, zishike tu: 2003 umeacha kitu cha lazima, 2005 umeandika vibaya, 2302 kipo tayari, 2303 hakipo, 2305 kimeshikwa, 2306 umeandika sawa lakini sera ya nchi hairuhusu. Ukipata 2306 usihangaike na kodi, nenda ukurasa wa nchi.

Umeme umekatika katikati ya kuunda kontakti. Nirudie?

Usirudie, uliza kwanza. Inawezekana amri ilifika na jibu ndo lililopotea njiani. Tuma amri ya check au info kwa kitambulisho kile, ukikiona kipo basi kazi imeisha. Kwenye shajara tafuta clTRID, ile alama tunayoipa kila amri, ndo utakayompa msajili ukitaka afuatilie.

Taarifa za mteja zitaonekana na dunia nzima? Bibi mmoja hataki simu yake ijulikane.

Ana haki ya kuuliza na wewe una wajibu wa kumjibu kabla hajakupa namba. Zamani yeyote aliyepiga WHOIS, ile huduma ya kuuliza domeini ni ya nani, aliona jina, simu na anwani. Siku hizi rejista nyingi zinaficha, hasa za watu binafsi, na njia mpya ni RDAP, inapita HTTPS na kujibu kwa JSON. Kwa domeini za jumla ICANN ilimaliza ulazima wa WHOIS tarehe 28 Januari 2025, lakini za nchi kila moja ina yake, kwa hivo kila ukurasa wa nchi kwenye mwongozo lazima useme wazi nini kinaonekana na nini hakionekani. Kwenye EPP kuna sehemu inaitwa disclose ya kuomba vitu vifichwe, pale inapokubaliwa.

Na kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019. Taarifa za mteja unazikusanya kwa kazi aliyokubali, anaweza kuomba kuziona na kuzirekebisha, na picha ya kitambulisho chake haikai kwenye simu yako miaka mitatu pamoja na picha za harusi. Ukishaituma kwa msajili, ifute. Bibi kama huyo mshauri atumie laini ya biashara badala ya ya nyumbani.

Nataka kuongeza ukurasa wa nchi mpya kwenye mwongozo. Nianzie wapi?

Anza na hati za rejista yenyewe, si za msajili na si za rafiki aliyewahi kusajili mara moja. Alafu kwa kila sehemu andika mambo haya kwa maneno yako: jina lake kwenye kodi, swali utakalomuuliza mteja kwa Kiswahili cha kawaida, kama ni ya lazima, mfano uliokubalika, mfano uliokataliwa pamoja na namba ya kosa. Mfano uliokataliwa ndo wenye faida kubwa kuliko vyote, manake mtu anakuja kwenye mwongozo akiwa tayari amekwama. Weka tarehe uliyojaribu na ujaribu kweli, kwenye seva ya majaribio, wasajili wengi wanayo. Sera hubadilika, na ukurasa usio na tarehe ni mtego.

Kama unasoma kodi za wengine, angalia Net::DRI, maktaba ya lugha ya programu ya Perl. Ina darasa (class, yaani kiolezo cha kodi) la kontakti la jumla, lenye name, org, street, city, sp, pc, cc, voice na email, na juu yake madarasa madogo ya nchi moja moja, kila moja likiongeza sehemu zake na kuandika upya validate yake, yaani kikaguzi. Mpangilio wa mwongozo wetu tumeuchukua hapo, jumla mara moja, tofauti za nchi kando.

Naweza kutumia taarifa za mteja wa kweli kama mfano?

Hapana. Tumia example.com, imetengwa kwa kazi hiyo tangu 1999, na simu ya sifuri tupu. Wala usibandike authInfo (nywila ya domeini) ya mtu kwenye kundi la WhatsApp ukiomba msaada, hiyo ni ufunguo wa nyumba yake.

Kwa nini mwongozo ni wa Kiswahili na amri ni za Kiingereza?

Amri haziwezi kubadilika, mashine ndo inazijua hivo. Lakini anayekaa na mteja barazani akimuuliza maswali anauliza kwa Kiswahili, na makosa yanaanzia pale, si kwenye kodi. Tukiandika "registrant" bila kueleza, kijana anajijaza yeye. Tukiandika "mwenye, yule ambaye akikasirika na wewe leo domeini inabaki yake", hajijazi.

Mteja amefariki na watoto wanaitaka domeini ya biashara. Nibadilishe jina tu?

Mungu amrehemu. Usibadilishe jina ndani ya kontakti ileile. Rejista kadhaa zinakataa, na hata isipokataa utakuwa umefuta jina la marehemu kana kwamba hakuwahi kuwa mwenye, na warithi wengine wakija kuuliza hakuna alama iliyobaki. Kwanza wakamilishe mambo ya mirathi, kwa Waislamu wa hapa ni kwa Kadhi, na msajili atataka karatasi zake. Kama tarehe ya kuisha iko karibu, lipia mwaka mmoja kwanza ili jina lisipotee wakati wanasubiri, kulipia hakubadilishi mwenye. Karatasi zikitoka, unda kontakti mpya ya aliyekubaliwa na warithi, na jina lake liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, alafu badilisha registrant wa domeini ielekee huko. Ile ya zamani iache bila kuifuta mpaka familia yote iseme wameona.